Mwenye Chupa na Mwenye Picha

Mhadhara kwa watengenezaji wa vinywaji wa Mkoa wa Simiyu, Bariadi

Wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana wa steshenari mliokaa viti vya nyuma kana kwamba mazungumzo ya leo hayawahusu. Yanawahusu sana, nami nitafika kwenu.

Chupa hii mkononi mwangu nimeiazima kwa sharti la kutomtaja mwenyewe. Zamani ilikuwa chupa ya mvinyo wa kiwandani. Imeoshwa ikatakata, na sasa ndani mna mvinyo wa rozela, ile choya nyekundu ambayo akina mama wengi wamejifunza kuichemsha, kuichachusha na kuichuja. Mvinyo ni mzuri, nimeuonja. Tatizo liko nje ya chupa. Lebo inaonyesha shamba la mizabibu lililopanda kilima, jua linazama, na kwa mbali kuna nyumba ya mawe ya huko Ulaya. Ukiisogeza kwenye mwanga unaona herufi hafifu zimekatiza picha nzima kwa mshazari, neno lile lile likijirudia. Hilo ni jina la kampuni inayouza picha. Kampuni za namna hiyo huchapa jina lao juu ya picha makusudi, ili asiyelipa asiweze kuitumia. Hapa jina limechapwa pamoja na picha, likabandikwa kwenye chupa, na chupa zikapangwa mezani mbele ya wateja.

Mama mwenye chupa hii hakwenda kuiba. Alikwenda steshenari akaomba atengenezewe lebo nzuri ya mvinyo. Kijana akafungua intaneti, akaandika maneno mawili matatu ya Kiingereza, picha zikamiminika. Akachagua moja, akaiingiza kwenye CorelDRAW, akaandika jina la kinywaji, ujazo na namba ya simu, akachapa stika. Mama akalipa, akashukuru, akaondoka. Hakuna kati yao aliyejiuliza picha ile ni ya nani. Wala hawakujiuliza swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: lebo yenyewe, baada ya kulipiwa, ni ya nani?

Kwa vizazi vingi pombe ya Usukumani haikuhitaji lebo. Mtama au uwele ulilowekwa, ukaota, ukaanikwa, ukasagwa kuwa kimea, ukapikwa na kuachwa uchachuke. Mnywaji alimjua mpishi, alijua kisima alikochota maji, na kama pombe ilikuwa mbaya alijua aende mlango gani kulalamika. Vikundi vya kulima kwa zamu vilimaliza kazi vikakaa kuzunguka mtungi. Jina la mama mpishi ndilo lililokuwa lebo, na hakuna aliyeweza kulinakili.

Mambo yalibadilika kinywaji kilipoanza kusafiri. Tangu mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2012, tumehimizana sana kuongeza thamani ya kile tunachozalisha. Maswa wakatengeneza chaki, Meatu wakafungasha maziwa. Maonyesho ya Nanenane ya kitaifa yakafanyika hapa kwetu Nyakabindi mwaka 2018, 2019 na 2020, na wajasiriamali wadogo wakapanga bidhaa zao mbele ya wageni kutoka kila pembe ya nchi. Mgeni wa Dodoma hamjui mama wa Somanda. Anachokijua ni kile kilichoandikwa na kuchorwa kwenye chupa.

Niseme mapema kwamba sizungumzii gongo. Utengenezaji wake bila leseni umekatazwa na sheria tangu mwaka 1966, na hakuna lebo ya kuusafisha. Viroba navyo vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017. Nazungumza na wanaotengeneza pombe ya nafaka, mvinyo wa matunda, wa rozela na wa asali, wanaotaka leseni na alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS. Alama hiyo haichapwi kwenye lebo mpaka TBS iwe imekupa leseni ya kuitumia. Kuichukua kwenye intaneti na kuiweka kwenye chupa ni kosa lake peke yake, kubwa kuliko la picha.

Sasa sheria. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni COSOTA. Tangu mwaka 1994 nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ambamo mataifa yameahidiana kulinda kazi za watunzi wa kila mmoja wao. Kwa hiyo picha iliyopigwa na mtu wa Ufaransa inalindwa hapa Bariadi, na mchoro wa kijana wa Bariadi unalindwa Ufaransa. Haki inazaliwa pale kazi inapotengenezwa. Haisubiri kusajiliwa, wala haisubiri mtu aandike pembeni kwamba haki zote zimehifadhiwa. Kusajili COSOTA kuna faida kubwa ya ushahidi siku ya ugomvi, lakini ambaye hajasajili hajapoteza haki yake. Na haki hiyo kwa kawaida hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kinacholindwa ni kazi yenyewe. Wazo halilindwi. Kuweka suke la mtama kwenye lebo ya pombe ya mtama ni wazo, na kila mtu analo. Lakini suke lililochorwa na fulani, kwa mistari yake na rangi zake na jinsi alivyolikunja upande, ni mali ya huyo fulani. Watu wengi hupotea hapa. Wengine wanaogopa hata kuchora ng'ombe kwa sababu kuna kampuni yenye ng'ombe. Wengine wanabadilisha rangi ya picha ya mtu na kudhani imekuwa yao. Hakuna kipimo cha sheria kinachosema ukibadilisha asilimia fulani umesalimika.

Mtu mmoja ameniuliza kabla ya kikao: je, nikitengeneza pombe ya nyumbani kwa ajili ya harusi ya mwanangu, nikaweka lebo kwa kufurahisha tu, bila kuuza? Sheria inaruhusu kunakili kwa matumizi binafsi ya mtu mwenyewe. Ukichapa stika tatu za chupa zako mwenyewe nyumbani, sioni atakayekusumbua. Harusi ya wageni mia tatu, chupa juu ya kila meza, picha za simu zikisambaa kabla bibi harusi hajaingia ukumbini, hiyo nisingeiita matumizi binafsi. Tena mara nyingi ni kwenye sherehe kama hizo biashara huanza: mgeni anaonja, anauliza inauzwa wapi, na lebo ya mzaha inageuka lebo ya bidhaa.

Kwa wanaopenda michoro ya wanyama, kuna jambo la kufurahisha. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake, alifariki Dar es Salaam mwaka 1972. Hesabuni miaka 50. Ulinzi wa hakimiliki juu ya michoro aliyoichora kwa mkono wake umefika mwisho, na chui wake anaweza kutua kwenye chupa ya Bariadi bila kuomba ruhusa ya mtu. Ila angalieni sana. Michoro mingi inayouzwa kwa jina la Tingatinga imechorwa na wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake, wengi wao wangali hai. Mtindo ni wa wote, lakini kila mchoro una mchoraji wake. Mchoraji George Lilanga naye alifariki mwaka 2005, kwa hiyo kazi zake bado zimefungwa kwa miongo kadhaa. Ningependa kuona mfanyabiashara wa hapa anampigia simu mchoraji aliye hai na kumlipa amchoree mnyama wake. Gharama yake haifikii hasara ya kubandua stika zote.

Upande wa pili wa lebo ni jina na alama, na hapo tunatoka COSOTA tunaingia kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. Kwa kawaida hakimiliki hailindi jina tupu. Jina hulindwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na kwa Bara usajili unafanyika BRELA kwa mfumo wa mtandao. Zanzibar wana ofisi yao na sheria yao, hivyo aliyesajili Bara hajasajili Unguja. Bidhaa hupangwa kwa madaraja: bia ziko daraja la 32, mvinyo na pombe kali daraja la 33. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kila miaka 10. Tofauti na hakimiliki inayokufa, alama ya biashara inayotumiwa na kuhuishwa haifi. Pembetatu nyekundu ya bia ya Bass ilisajiliwa Uingereza tarehe 1 Januari 1876 ikiwa alama namba 1 ya nchi ile. Mchoraji wa Ufaransa Édouard Manet akaichora kwenye chupa zilizo juu ya kaunta katika mchoro wake wa baa wa mwaka 1882. Manet alikufa mwaka uliofuata na hakimiliki yake imekwisha zamani, mchoro ni wa dunia nzima. Lakini ukiukata mchoro huo ukaubandika kwenye bia yako, ile pembetatu iliyo ndani yake bado inaweza kukuletea mwenye alama. Lebo moja inaweza kuwa halali kwa sheria ya hakimiliki na haramu kwa sheria ya alama.

Hapa kwetu kishawishi kikubwa ni bia za kampuni kubwa. Mlima wa theluji, tembo, rangi ya njano na nyekundu, herufi zilizokunjwa vile vile: mtengenezaji mdogo anadhani akifanana na Kilimanjaro au Ndovu mteja atamwamini. Mlima Kilimanjaro hauna mwenyewe, na tembo hana mwenyewe. Lakini namna ile ya kuvipanga kwenye chupa ya bia, hadi mnywaji mwenye haraka achukue yako akidhani ni ile, ndiyo inayokatazwa, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa za namna hiyo. Chupa nazo ziangalieni. Chupa ya bia yenye jina la kiwanda lililochomoza kwenye kioo chenyewe huwezi kuifuta kwa sabuni. Ukijaza pombe yako humo umejaza ndani ya alama ya mtu.

Vijana wananiambia: sisi tunatania tu, tunageuza jina la bia maarufu liwe kichekesho. Afrika Kusini kulikuwa na kesi ya namna hiyo. Kampuni ndogo iitwayo Laugh It Off iliuza fulana zilizogeuza lebo ya bia ya Carling Black Label kuwa maneno ya kukejeli unyonyaji wa Waafrika, na mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ikaipa ushindi kwa sababu ya uhuru wa maoni, na kwa sababu wenye bia hawakuthibitisha kwamba biashara yao ingeumia. Someni vizuri kabla ya kushangilia. Yule aliuza fulana, na alikuwa na la kusema. Anayeuza pombe ndani ya lebo iliyogeuzwa anashindana sokoni na yule yule anayemtania. Nisingemshauri mtu wa Simiyu aende mahakamani na kinga hiyo.

Kuhusu majina ya Kisukuma nina uchungu wangu, na nitausema. Bia ya Nzagamba ilitengenezwa na Darbrew, kampuni ile ile ya Chibuku. Nzagamba ni dume la ng'ombe, kila mchungaji wa Itilima analijua. Hawakufanya kosa kulichagua. Walisikiliza vizuri jinsi watu wa Kanda ya Ziwa wanavyosema. Bia ya Balimi nayo imebeba jina la wakulima. Kinachoniuma ni kwamba sisi wenye lugha, tukipewa nafasi ya kuita pombe yetu jina, tunaandika Royal, tunaandika Golden, tunaandika Château. Majina mazuri ya nyumbani tunawaachia walio mbali wayaone kwanza. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba kusajili neno kikoy kuwa alama yake, na ilibidi watu wa Kenya na marafiki zao wapinge. Jina unalolitumia kila siku, kama hujalipeleka BRELA, mtu mwingine anaweza kulipeleka.

Vivyo hivyo picha za ngoma. Lebo yenye wacheza Bugobogobo na majembe yao, au mchezaji mwenye chatu shingoni, ingenivutia kuliko shamba la mizabibu. Ziko njia mbili za kukosea hapo. Ya kwanza ni kuchukua picha iliyopigwa na mpiga picha fulani, labda mgeni aliyekuja Bujora wakati wa tamasha la Bulabo; picha ile ni yake hata kama ngoma ni yetu. Ya pili haifahamiki sana. Sheria ile ile ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi, na inataka ruhusa ya Baraza la Sanaa, yaani BASATA, pale zinapotumiwa kwa faida na nje ya mazingira yake ya kimila. Chupa ya biashara ni faida, na kaunta ya duka siyo uwanja wa ngoma. Andikeni barua BASATA. Na hata kama sheria isingesema, kikundi ambacho sura za wachezaji wake zinauza pombe yako kina haki ya kuulizwa na kulipwa.

Sasa nirudi kwa vijana wa viti vya nyuma.

Mnadhani mmeajiriwa kubonyeza vitufe. Sheria haiwaoni hivyo. Kijana anayekaa na kuchora mwenyewe suke, mtungi na herufi ni mtunzi, sawa na mwandishi wa kitabu au mwanamuziki. Wengi mnawakumbuka wanamuziki MwanaFA na AY, ambao mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2 na kampuni ya simu kwa nyimbo zao zilizotumiwa kuwa miito ya simu, shauri lililokwenda pia ngazi za juu. Sheria waliyoishika mkononi ndiyo inayomlinda mchoraji wa lebo. Inaanza kwa kumhesabu mtunzi kuwa mwenye haki wa kwanza, na anayedai kwamba haki imehamia kwake anatakiwa aonyeshe imehamaje, kwa maandishi yenye sahihi.

Mama aliyelipia stika amenunua stika. Amenunua maziwa, ng'ombe huenda bado yuko zizini kwa kijana. Siku biashara ikikua, mama akataka kuchapa lebo hizo Mwanza kwa mashine kubwa, au kuzitumia kwenye kreti, fulana na tangazo la mtandaoni, kijana anaweza kusema hapana, au anaweza kumuuzia mchoro ule ule mtengenezaji wa Maswa. Siku hiyo kila mmoja ataapa kwamba mwenzake ni mwizi, na wote wawili watakuwa wakweli kwa jinsi walivyoelewana.

Walio na mawakili wakubwa wameshapita huko. Marekani, mpiga picha Joshua Ets-Hokin aliajiriwa mwaka 1993 kupiga picha za chupa ya buluu ya vodka ya Skyy. Aliwapa haki za matumizi yenye mipaka, kisha akaishtaki kampuni kwa kuvuka mipaka na kwa kutumia picha za wapiga picha wengine zilizofanana na zake. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba hata picha ya kawaida ya chupa ya biashara inaweza kuwa na hakimiliki. Mwaka 2003 ikasema picha za wale wengine hazikuiba chochote, kwa kuwa zilifanana tu kwa sababu wote walipiga chupa ile ile. Kesi ilianza kwa makubaliano yaliyosomwa tofauti na pande mbili. Afrika Kusini, mwaka 1993, Frank & Hirsch waliokuwa wakiuza kanda za TDK waliwashinda waingizaji wengine wa kanda hizo hizo halisi, kwa sababu walikuwa wamehamishiwa kwa maandishi hakimiliki ya mchoro wa kasha. Kanda ilikuwa halali, ikazuiwa na karatasi ya nje. Uone basi nguvu ya mwenye mchoro.

Kwa hiyo andikianeni. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha: nani amechora, amechora nini mwenyewe na nini amekichukua kwingine, amelipwa kiasi gani, anamhamishia mwenye pombe haki zote au anamruhusu kuzitumia kwa chupa tu, na kama jina lake litaandikwa kwa herufi ndogo chini ya lebo. Sahihi mbili, mashahidi, tarehe. Na malipo yawe tofauti: kumhamishia mtu haki zote ni ghali kuliko kumchapia stika, na kijana asione haya kulitamka hilo. Mimi ningeweka jina la mchoraji hata kama mkataba haulazimishi.

Kipengele cha "nini amekichukua kwingine" kiangaliwe kwa makini, kwa sababu siku hizi kazi nyingi haianzi kwenye karatasi tupu. Violezo vya Canva unaruhusiwa kuvitumia kwenye bidhaa kwa masharti yao, lakini kiolezo ambacho maelfu ya watu wanacho huwezi kukigeuza kuwa alama yako ya biashara ya peke yako. Fonti nazo zina wenyewe. Nyingi za bure ni za matumizi binafsi tu, na kifungu hicho kimo ndani ya faili ambalo hatufungui. Ziko nzuri zilizoachwa huru kwa biashara, kama zile za Google Fonts. Na mchoro uliotemwa na programu ya akili bandia kwa amri ya sentensi moja, mahakama za Marekani zimekataa kuupa hakimiliki pasipo binadamu mtunzi. Ukiutumia huenda hakuna atakayekushtaki, lakini huenda pia huna wa kumshtaki akiunakili jirani yako.

Mwenye stika zilizokwisha kuchapwa ameniuliza kama azitupe. Kama picha ni ya mtu, ndiyo, ziondoe sokoni sasa, kabla hujapeleka bidhaa TBS wala BRELA, kwa sababu huko ndiko lebo yako itakakokaguliwa na macho mengi. Jina usilibadilishe kwanza. Fanya utafutaji BRELA uone kama yupo aliyekutangulia katika daraja lako. Kama hayupo, omba usajili kwa jina hilo hilo, halafu mwite kijana mkae na karatasi na penseli. Mama wa rozela ameniambia wiki hii anaanza na ua la choya lenyewe, lililochumwa kwenye shamba lake. Binti yake ndiye atakayelichora, naye nimemshauri amwandikie mkataba.